Je, Yatosha Kung'oa Fyuzi na Kuweka Breka?

SWALI: Marehemu baba yetu alituachia nyumba ya mbao shambani, nje kidogo ya mji wa Molo, ambayo sisi huitumia wikendi na wakati wa likizo. Umeme uliingizwa humo miaka ya 1970, na ubao wake ni ule ule wa fyuzi za kauri ambazo mtu hufunga waya kwa mkono. Mwaka huu tuliweka shawa ya umeme, na fyuzi moja ikawa inakatika kila mara, hata mtunzaji wa nyumba akafunga waya mnene zaidi. Tangu siku hiyo haijakatika. Shemeji yangu anashauri ninunue sanduku la breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe mkondo ukizidi, hapa mjini, fundi alifunge kwa siku moja. Je, hilo latosha? — M. W., Nakuru

JIBU: Ndugu M. W., kabla hujanunua chochote, mpigie simu mtunzaji leo azime swichi kuu, na shawa hiyo isitumike tena mpaka fundi afike. Fyuzi ilikuwa ikikatika kwa sababu mkondo uliopita ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao waya wa ukutani unaweza kuubeba bila kupata moto. Sasa waya mnene hautayeyuka upesi ndani ya kauri, kwa hiyo kitakachoanza kuungua ni kebo iliyojificha nyuma ya mbao kavu.

Hebu tupige hesabu. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23, ilhali inaelekea kwamba yenu iliunganishwa kwenye laini ya soketi yenye fyuzi ya ampea 15. Shawa inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao, kwa waya ambao mafundi huuita wa 6, yaani wenye unene wa milimita mraba 6, na breka ya ampea 32.

Hapo ndipo ninapotofautiana na shemeji yako. Breka huwekwa kulinda waya, si chombo kilichochomekwa, kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa kuutazama waya wenyewe: ampea 6 kwa taa zenye waya wa 1.5, na 20 kwa laini ya soketi ya waya wa 2.5 inayoishia kwenye soketi ya mwisho bila kurudi kwenye ubao. Fundi akikufungia breka ya 32 kwenye laini hiyo ili isikusumbue kwa kukatika, atakuwa amefanya lile lile alilofanya mtunzaji wako, ila kwa bei kubwa zaidi.

Kwa hiyo kazi ianze na nyaya. Umeme ukiwa umezimwa, fundi afungue soketi moja na kuukunja waya kidogo: ukiwa umevikwa mpira mweusi unaopukutika kama ganda la mkate uliokauka, nyumba nzima isukwe upya. Ukiwa wa plastiki huenda ukafaa, lakini upimwe kwa mega ya volti 500, kifaa kinachopima kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje, na kipimo kisipungue megaomu 1, hasa ikiwa panya wamekuwa wakiishi darini. Nyaya za zamani ni nyekundu na nyeusi, za sasa ni kahawia na buluu. Zikikutana, fundi aziwekee alama.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni athi, yaani waya unaoingia ardhini. Katika nyumba za umri huo, usishangae ukikuta ulifungwa kwenye bomba la chuma la maji, na bomba lenyewe likabadilishwa baadaye kwa la plastiki bila mtu kukumbuka umeme. Hata fimbo ya athi iliyopo huenda isitoshe. Ukinzani wake ukiwa omu 60, jambo la kawaida udongo unapokauka mwezi wa Februari, umeme ukigusa bati la shawa utavuja ampea 4 tu, na hata breka ya ampea 6 haitakatika. Ndiyo sababu sanduku jipya lazima liwe na RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme papo hapo inapohisi mvujo mdogo. Ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyezeni kila mnapowasili. Friji ningeipa RCD yake pekee, maana hakuna anayefurahia kukuta nyama imeoza Ijumaa jioni kwa sababu taa ya nje iliingia maji siku ya Jumanne.

Kinga ya radi kwenye ubao ni gharama ninayoiunga mkono, mradi athi iwe nzuri, kwa kuwa bila hiyo radi haina pa kwenda.

Fundi wako awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe kabla hajafungua begi. Waya utokao kwenye mita hadi swichi kuu hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na lakiri iliyo hapo ni ya Kenya Power, kwa hiyo kampuni iombwe kuukata umeme kwanza. Fundi anayejitolea kuivunja lakiri mwenyewe mrudishe kwao. Kazi ikiisha, akuachie vipimo vya athi na vya nyaya kwa maandishi, na ndani ya mlango wa sanduku aandike kila breka inahudumia chumba gani, ili mtunzaji asilazimike kubahatisha gizani.