Mnara unalalia nyuma: ninunue lenzi gani?

SWALI: Ninaishi Detroit, Michigan. Nina postikadi ya zamani ya kituo cha treni cha Michigan Central, na nataka kupiga picha ya leo kutoka palepale aliposimama mpiga picha yule. Nimejaribu, lakini majengo hayapangiki kama kwenye postikadi, na mnara unaonekana kulalia nyuma. Ninunue lenzi gani?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Namna vitu vya mbele na vya nyuma vinavyopangika kwenye picha inategemea ulipo wewe. Lenzi huamua tu ukubwa wa kipande utakachokata.

Bahati nzuri kituo hicho kina sehemu mbili: ukumbi wa mbele wenye madirisha makubwa ya tao, na mnara wa ghorofa 18 nyuma yake. Tazama kwenye postikadi kona ya paa la ukumbi imeangukia safu ipi ya madirisha ya mnara. Ukiwa Roosevelt Park, bustani iliyo mbele ya kituo, sogea kushoto au kulia mpaka kona ikae hapohapo. Kisha hesabu ghorofa zilizofichwa na paa hilo. Zikiwa nyingi kuliko za kwenye postikadi, uko karibu mno, rudi nyuma. Zikiwa chache, songa mbele. Rudia tena hatua zote mbili, maana ukirekebisha moja nyingine huhama kidogo. Na amini kuta tu: postikadi nyingi za enzi hizo zilipakwa rangi na kuguswaguswa, hivyo miti na magari si ushahidi.

Mnara unalala kwa sababu unainua kamera kutazama juu. Iweke kwenye stendi, ikae sawa kwa pimamaji, hata kama nusu ya chini ya picha itakuwa nyasi tupu. Tumia lenzi pana uliyonayo, halafu kata nyasi. Kamera ya megapikseli 24 ikikatwa nusu inabaki na 12, na hizo zinatosha kuchapisha sentimita 20 kwa 30 bila shida. Lenzi ya kuhamisha, ile inayosogezwa juu bila kuinua kamera, ni nzuri, lakini ni ghali; ikodi utakapohitaji chapa kubwa.

Kuhusu mwanga, uso wa kituo unaelekea kaskazini. Jua huufikia kwa mshazari jioni za Juni, lakini wakati huo majani yamefunika. Mimi ningechagua Novemba, siku ya mawingu: matawi yako wazi na hakuna kivuli kizito.

Kituo chenyewe kimepona. Treni ya mwisho iliondoka 1988, Ford wakakinunua 2018, kikafunguliwa tena Juni 2024. Kinachobadilika haraka sasa ni mitaa inayokizunguka, kwa hiyo ukimaliza geuka, piga na ulichokipa mgongo: maegesho, mabango, duka la kona. Mfano ni kiwanda cha zamani cha magari cha Packard, hapohapo Detroit, kinachonisikitisha hadi leo. Daraja lake juu ya East Grand Boulevard lilianguka Januari 2019, na ubomoaji mkubwa ukaanza 2022. Picha za kuta zake zilizopasuka ni tele, lakini nyingi zimepigwa karibu mno hata huwezi kujua ni barabara ipi.

Kwa kila picha andika ndani ya faili lenyewe tarehe, saa, njia panda iliyo karibu, upande kamera ilikoelekea na kimo chake kutoka ardhini. Hifadhi pia ile ambayo hujaikata.