Mwanangu, kuhusu ile simu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Hapa Ngamiani sote wazima, bibi yako anakusalimia sana. Umeniuliza, kwa kuwa nimetumia Android na iPhone zote mbili, uchukue ipi kwa pesa uliyonayo: iPhone 14 iliyotumika, iliyotoka Marekani, au Samsung mpya ya dukani.

Kwanza mwambie huyo muuzaji akuoneshe mahali pa kuweka laini. iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, isiyochomolewa. Wewe una laini mbili, ya kazi na hii ya nyumbani yenye pesa zako. Itabidi uende kuzigeuza zote ziwe eSIM. Na siku simu ikikuzimikia njiani Dodoma, hutaweza kuchomoa laini ukaitia kwenye kitochi cha mwenzako ukanipigia. Mimi kuchomoa laini kumeniokoa mara nyingi.

Ukikuta imefungwa iCloud, yaani akaunti ya Apple, ya mtu mwingine, usitoe hata shilingi.

Sasa nikwambie niliyoyaona mkononi. Android haina masharti mengi: nachomeka waya kwenye kompyuta ya dada yako, picha za keki zinahama kama kwenye flashi. iPhone ilinisumbua kwa hilo. Ila haki yake nitaisema. Ile iPhone 11 aliyoniachia mjomba wako ilinitambua kwa uso. Alfajiri, unga wa visheti umenijaa vidoleni hadi kwenye kucha, simu ya alama ya kidole hunikataa mpaka ninawe. Ile niliitazama tu ikafunguka, nikasoma oda huku nasukuma. Tena zinadumu: iPhone 6s ilitoka 2015, na mwaka 2021 ikapata iOS 15, mfumo mpya wa iPhone wa mwaka huo. Android nyingi za bei ya chini hazifiki huko. Samsung wenyewe wameahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy S24, basi uliza hiyo unayoitaka imeahidiwa mingapi.

Kilichoniuma mimi ni kuhama. Mwaka 2021 nilipotoka Android kwenda iPhone, fundi aliniambia kila kitu kitakuja. Majina yakaja, picha zikaja. WhatsApp ikafunguka tupu. Wakati ule WhatsApp haikuwa na njia yake ya kuhamisha meseji kutoka Android kwenda iPhone, imekuja 2022. Na simu ya zamani fundi alikwisha kuifuta. Sauti za babu yako zote zilikuwa humo, zile za kila Ijumaa akiniuliza, "Mwanangu, umekula?", na jogoo wake anawika nyuma. Mpaka leo nikimkumbuka nashika simu, kisha naiweka chini.

Kwa hiyo chukua Samsung, mwanangu, kwa ajili ya hizo laini mbili. Moyo ukikataa ukachukua iPhone, usianze kuitumia kwanza. Meseji za WhatsApp zinahama kutoka Android yako kwa programu ya Move to iOS wakati iPhone ni mpya au imefutwa kabisa. Hakikisha zimefika ndipo uiachie simu ya zamani.

Na uliwahi kuniambia unayo sauti moja ya babu, ile ya Idi alipokuombea dua ya safari. Nitumie leo, kabla hujagusa chochote.

Mama yako