Ekari tano za lami juu ya nyumba yangu

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Ongata Rongai. Juu kidogo ya nyumba zetu kuna uwanja wa nyasi wa ekari tano hivi, mahali pa kulishia mbuzi. Mwezi uliopita umezungushiwa mabati. Fundi mmoja alitunong'oneza kwamba panajengwa supamaketi kubwa, na maegesho ya lami yatafika hadi kwenye kijito. Aprili 2024 maji yaliniingia hadi jikoni, na hapo hakukuwa na lami hata kidogo. Tumekusanya sahihi 140 tukampelekea chifu. Majirani wengine wanatuita maadui wa maendeleo, maana vijana wanataka kazi. Tufanyeje?
Mama wa watatu, Rongai

JIBU: Mama, sahihi 140 si haba, lakini chifu hatoi leseni ya mazingira wala hana uwezo wa kuifuta. Hiyo ni kazi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Tena huko NEMA mtaulizwa habari za maji, si idadi yenu.

Mimi nilikuwa mpima ardhi miaka 22, basi acha nikupigie hesabu. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya ekari tano ni lita laki sita na ushei. Hizo ni bauza (malori ya maji) 60 za lita 10,000. (Rongai na vituko vyake: Januari tunanunua bauza, Aprili maji yaleyale yanatuangushia choo.) Leo nyasi hunywa sehemu kubwa; lami hainywi. Waulizeni hivi: hizo bauza 60 zitapitia wapi?

Nendeni ofisi ya NEMA ya Kajiado mwombe ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Anzeni na sehemu ya maji ya mvua. Msipoona mtaro wala bwawa la kuyazuia, andikeni pingamizi, mwambatanishe picha za alama ya tope iliyobaki ukutani kwako. Pimeni pia kutoka kijitoni hadi kwenye mabati. Tepu ya fundi inatosha. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe wazi, angalau mita 6, na waweza kufika 30.

Ikiwa leseni imeshatolewa, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Msizimalize mkimngoja chifu. Wala msingoje mafuriko mengine ndipo mlalamike: Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai uonyeshe hasara kwanza.

Hao vijana nawaelewa, nami nina wangu wawili nyumbani. Lakini Agosti 2018 pale Westlands, Ukay Centre, jengo lililokuwa na supamaketi ya Nakumatt, liliangushwa kwa tingatinga kwa sababu ya kukalia ukingo wa mto. Wakumbusheni hilo, kisha mwende nao Kajiado.

Tepu ikisoma chini ya mita 6, niandikie wiki hiyohiyo.