Sikio la kushoto

Wiki hii mmeuliza kama ni haki mfugaji mdogo kulazimishwa kuvalisha mifugo yake hereni za kielektroniki. Mimi nina ng'ombe 23 na mbuzi 40 hapa Meatu, mkoani Simiyu, Tanzania, na jibu lilinijia kabla sijamaliza kulisoma swali: si haki. Zoezi lilipotufikia mwaka 2022, hereni ya ng'ombe ilikuwa shilingi 1,750 na ya mbuzi 1,000, yaani shilingi 80,250 kwa zizi langu, hadi Serikali yenyewe ilipolisitisha kutokana na malalamiko.

Lakini bei nilikwisha kuisamehe. Lililonikaa rohoni ni la Desemba 2017, wakati wa chapa ya moto, ambayo nayo ilitokana na Sheria hiihii ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010. Tuliswaga ng'ombe tangu saa kumi alfajiri hadi kwenye kibanio cha kuwashikia ng'ombe kilicho karibu na josho, tukasubiri nyuma ya wenye mamia. Zamu yangu ilifika jioni, moto umefifia, na vijana waliochoka wakachukua chuma chenye alama ya kijiji jirani kilichokuwa kimebaki makaani. Nilikuja kugundua mtamba wangu mwekundu amekwisha kuungua pajani. Nilipolalamika, niliambiwa kwamba chapa haifutiki na kwamba jina langu limo daftarini, basi inatosha. Miaka miwili baadaye nilimpeleka mnadani kwa ajili ya ada ya shule, akazuiwa kwa tuhuma za wizi, akakaa siku mbili katika zizi la mnada kwa ndoo moja ya maji, nami nikalala nje ya uzio ili nisije nikaambiwa ametoroka. Aliyetuokoa ni mzee wa kijiji hichohicho cha chapa, ambaye alishika sikio la kushoto, akapapasa mkato wa mbele na tundu la chini, akasema kuwa alama ile ni ya ukoo wa baba yangu na kwamba kwao hakuna akataye hivyo. Daftari halikufunguliwa hata mara moja.

Kwa hiyo ninalojibu hasa ni nani ataaminiwa siku ambayo kumbukumbu za ofisini zitakapotofautiana na maneno ya mwenye ng'ombe. Namba ya hereni husomwa vizuri kwa kifaa, na kifaa kiko kwa ofisa. Hereni ikinasa kwenye miiba ikang'oka, nitathibitisha vipi? Na ng'ombe wanne alioniwekesha shemeji yangu, wataandikwa kwa jina la nani?

Hata hivyo, nikiandika haya nalazimika kukiri kwamba kosa la 2017 lilikuwa la chuma cha kijiji kizima, ilhali kila hereni ina namba yake peke yake, tena haiharibu ngozi. Tangu kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa Bariadi, Juni 2025, hereni ni bure na chanjo ina ruzuku. Ng'ombe wangu wote wamekwisha kuvalishwa, sikio la kulia, kwa sababu la kushoto nililikataa.

Bado napinga ng'ombe kuzuiwa mnadani kwa kukosa hereni, walau hadi kila mfugaji apewe karatasi yenye namba za mifugo yake na mkato wa ukoo uandikwe katika usajili. Mbuzi sijawapeleka. Wengi wao watauzwa kabla ya masika, na sioni sababu ya kumtoboa sikio mnyama ambaye mwezi ujao ni kitoweo.