Hakuyatunga Papa, aliyanukuu
Je, ni Papa Benedikto XVI aliyetunga yale maneno makali kuhusu Mtume Muhammad yaliyowakasirisha Waislamu wengi mwaka 2006? Hapana, hayakuwa yake mwenyewe. Ni ya Manuel II Palaiologos, mfalme wa Bizanti (dola ya Kikristo ya mashariki) wa karne ya 14, akijadiliana na msomi wa Kiajemi. Papa aliyanukuu tarehe 12 Septemba 2006 kwenye mhadhara wa chuo kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alikowahi kufundisha. Mada ilikuwa imani na akili, na hoja aliyoitaka ni kwamba dini haienezwi kwa nguvu.

Nimeusoma mhadhara wote, na nasema wazi: waliokasirika walikuwa na sababu. Siku ile Papa alisema tu kwamba mfalme aliongea kwa ukali wa kushangaza. Maneno kwamba ukali huo “haukubaliki kwetu” yaliongezwa baadaye, kwenye nakala iliyochapishwa, pamoja na tanbihi kwamba huo si msimamo wake.

Tarehe 17 Septemba Papa alisema anasikitika sana kwa jinsi maneno hayo yalivyopokelewa. Siku hiyohiyo Sista Leonella Sgorbati, aliyefanya kazi Kenya miaka mingi, aliuawa kwa risasi Mogadishu, alikokuwa akifundisha wauguzi. Mlinzi wake, Mwislamu, alikufa pamoja naye. Wengi waliyahusisha mauaji hayo na mhadhara, ila hilo halikuthibitishwa, kwa hiyo tusiliseme kama jambo la hakika.