Maswali ya Wasomaji: Daraja la Msafiri Linapopimwa kwa Fedha

Barua nyingi zilizotufikia kutoka kanda ya Ziwa tangu toleo lililopita zinagusa jambo moja, nalo ni habari kwamba mashirika ya ndege yanabadilisha, au yanafikiria kubadilisha, masharti ya kupata madaraja ya wasafiri wa mara kwa mara, yale yanayojulikana kwa majina ya Silver, Gold na Platinum. Tumechagua nne. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kwa ombi lao.

SWALI: Dada Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa mabondo ya sangara, na kila mwaka huenda Guangzhou kuonana na wanunuzi, kisha nikarudi na vipuri vya injini za mitumbwi. Kutoka Dar es Salaam hutumia shirika moja la nje. Nina kadi yao ya Silver na nimebakiza safari moja tu kufikia Gold. Sasa wameniandikia kwamba wanaangalia uwezekano wa kuacha kuhesabu maili na kuanza kuhesabu fedha ambazo abiria ametumia. Wenzangu wananishauri nikate tiketi haraka kabla mwaka haujaisha, hata kama sina shughuli huko, ili niipate Gold mapema. Je, niwasikilize? — *Mfanyabiashara, Ilemela, Mwanza*

JIBU: Dada yangu, kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wasafiri wengi huvichanganya. Akaunti yako ina maili za kutumia, ambazo unaweza kuzibadilisha kwa tiketi ya bure, na ina maili au pointi za daraja, ambazo hazinunui chochote bali huamua tu kama wewe ni Silver au Gold. Ujumbe uliotumiwa unahusu hizi za pili. Maili za kutumia ulizokwisha kuzikusanya hazifutwi kwa sababu tu masharti ya daraja yamebadilika, ingawa zina tarehe yake ya mwisho ambayo unapaswa kuifahamu.

Mpango wa American Airlines uitwao AAdvantage, ambao ndio uliofungua njia kwa mingine mingi, ulianza tarehe 1 Mei 1981, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: kadiri unavyosafiri mbali ndivyo unavyopata maili nyingi. Kasoro ya hesabu hiyo ilijulikana mapema. Mtu aliyenunua tiketi ya bei poa ya kuzunguka nusu ya dunia alipata daraja kwa urahisi kuliko ofisa aliyelipa nauli kubwa kwa safari fupi, ilhali huyo wa pili ndiye aliyeliingizia shirika faida. Wasafiri wajanja wakaanza kuruka bila shughuli yoyote, kwa ajili ya maili tu, jambo hilohilo ambalo wenzako wanakushauri ulifanye. Kumbi za mapumziko, yaani launji, zikajaa hadi wenye kadi wakawa wanapanga foleni mlangoni.

Shirika la Delta la Marekani ndilo lililotoa mfano mkali zaidi. Mwezi Septemba 2023 lilitangaza kwamba daraja litapatikana kwa kipimo kimoja tu, yaani dola zilizotumika, na kwamba Silver itahitaji dola 6,000 kwa mwaka huku Diamond, daraja la juu kabisa lililotangazwa, likihitaji dola 35,000. Wateja walikuja juu. Mkurugenzi Mtendaji wake, Ed Bastian, alikiri hadharani kwamba shirika lilikuwa limevuka mpaka, na Oktoba mwaka huohuo viwango vikashushwa hadi dola 5,000 kwa Silver na dola 28,000 kwa Diamond. Kipimo cha fedha chenyewe hakikuondolewa. Ninakueleza kisa hiki kwa sababu shirika lako linasema "linaangalia uwezekano". Tangazo la namna hiyo mara nyingi ni njia ya kupima kelele za wateja, na viwango vya mwisho vinaweza kutofautiana sana na vile vya mwanzo. Kukimbilia tiketi leo kwa kuogopa sharti ambalo halijaandikwa ni haraka isiyo na sababu.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi, na tuitazame kwa namba. Tuseme tiketi yako ya kwenda na kurudi Guangzhou ni dola 1,100, na kati ya hizo dola 200 ni kodi na tozo za viwanja vya ndege, ambazo kwa kawaida hazihesabiwi. Zinabaki 900. Kwa kipimo cha Delta ungehitaji safari sita ili upate Silver tu, na safari thelathini na mbili ili ufike Diamond. Mfanyabiashara anayejilipia nauli na kutafuta bei nafuu, kama ulivyo wewe, ndiye anayepoteza katika mpango wa fedha. Anayefaidika ni yule ambaye tiketi yake ya bei ghali inalipwa na ofisi.

Sasa swali lenyewe: Gold itakupa nini? Kama shirika lako limo katika Star Alliance, mmoja wa miungano ya mashirika ya ndege yanayotambua kadi za wenzao, kadi ya Gold inakupa kaunta ya kipaumbele, launji, mizigo yako kutolewa mapema, na kwa biashara yako lililo kubwa zaidi ni kilo 20 za ziada, au begi moja zaidi pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi ya mabegi. Kwa anayerudi na vipuri vya chuma, hiyo ni fedha taslimu. Chukua risiti zako za mwaka huu, jumlisha ulicholipia mzigo wa ziada, kisha linganisha na bei ya hiyo tiketi ya haraka. Sijakutana na mfanyabiashara ambaye hesabu hiyo ilimwambia aruke bila shughuli.

Kuna jambo jingine ambalo wasafiri wa Guangzhou wanaoanzia Dar es Salaam hawalioni, lakini sisi wa Mwanza tunalijua vizuri. Safari yako haiishii Dar. Air Tanzania na Precision Air hazimo katika umoja wowote kati ya ile mitatu mikubwa, yaani Star Alliance, SkyTeam na oneworld, kwa hiyo ukiwa na tiketi tofauti ya kipande cha Mwanza, kadi yako ya nje haina nguvu kwenye kaunta ya ndege ya ndani, na zile kilo 20 ulizopitishiwa bure kutoka China utazilipia ukifika Dar, au utazipeleka kwenye basi au lori kama wanavyofanya wengi. Faida ya Gold kwako, basi, ni pungufu ya ile inayoandikwa kwenye kipeperushi.

Ushauri wangu ni huu. Usinunue safari tupu. Lakini kama ulikuwa umepanga kwenda Guangzhou mapema mwakani, isogeze iwe kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, kwa kuwa hapo hupotezi kitu, na daraja likishapatikana kwa kawaida huheshimiwa hadi tarehe yake ya mwisho hata masharti yakibadilika katikati. Waliofuzu Delta kwa masharti ya zamani mwaka 2023 walibaki na madaraja yao hadi mwisho wa Januari 2025. Kabla ya kulipa, hakikisha mwaka wa hesabu unaishia Desemba kweli, kwani baadhi ya mipango huhesabu tangu mwezi uliojiunga. Pia muulize wakala herufi ya nauli atakayokukatia, yaani ile herufi kwenye tiketi inayoonyesha aina ya nauli, maana nauli za promosheni huweza kutoa nusu tu ya maili za daraja, au zisitoe kabisa, na ile safari moja uliyobakiza ikageuka kuwa mbili.

Na kama mabadiliko yatapita, ujue kwamba si mipango yote iliyohamia kwenye fedha. Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, tangu Aprili 2018 unahesabu pointi ziitwazo XP kulingana na umbali wa safari na daraja la kiti, wala si bei ya tiketi: 100 kwa Silver, 180 kwa Gold na 300 kwa Platinum. Anayepata tiketi rahisi ya masafa marefu hapotezi kitu huko.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mhandisi katika mgodi mkoani Geita. Tiketi zangu zote hulipwa na mwajiri. Rafiki yangu mmoja anasema maili ni mali ya kampuni, mwingine anasema ni zangu. Tena, kama hesabu ni ya fedha, je, fedha si za kampuni? — *Mhandisi, Geita*

JIBU: Ndugu mhandisi, kwa kanuni za mashirika ya ndege maili na daraja ni vya yule aliyekaa kwenye kiti, bila kujali nani alilipa. Kanuni hizo hazimfungi mwajiri wako lakini, kwani kampuni inaweza kuwa na sera yake kuhusu matumizi ya maili za kazi, nayo ipo katika mkataba au mwongozo wa wafanyakazi; isome kabla hujampeleka mkeo Zanzibar kwa maili hizo. Watumishi wa umma wawe waangalifu zaidi. Daraja lenyewe, kwa upande wake, halihamishiki, na sijui kampuni ingelifanyia nini.

Mabadiliko haya yanakupendelea wewe. Chukua mfano wa British Airways, ambao tangu tarehe 1 Aprili 2025 unatoa pointi moja ya daraja kwa kila pauni moja iliyotumika, Bronze ikihitaji 3,500, Silver 7,500 na Gold 20,000. Tiketi moja ya daraja la biashara iliyonunuliwa na mgodi inaweza kukupandisha Bronze kwa safari moja, wakati anayejilipia tiketi ya kawaida atahangaika mwaka mzima. Shirika hilo limeacha mlango mdogo kwa wasafiri wa nauli ndogo, ambao wanaweza kupata Bronze kwa kuruka mara 25 na Silver kwa kuruka mara 50, lakini hakuna mlango kama huo wa kuingilia Gold.

Angalizo moja: ukipanda ndege ya shirika mshirika huku ukiweka maili katika mpango wa Delta au British Airways, mara nyingi hesabu hairejei kwenye bei bali kwenye asilimia ya umbali kufuatana na herufi ya nauli. Kwa anayetokea Afrika Mashariki, ambaye vipande vingi vya safari yake ni vya washirika, hesabu hiyo huweza kuwa nzuri kuliko ya shirika lenyewe, na ni ajabu kwamba wachache huitumia.

SWALI: Nina kadi nne za mashirika tofauti na zote ni za daraja la chini kabisa. Nazunguka Nairobi, Addis Ababa, Doha na Kigali kwa kazi za mradi. Kwa nini sipandi? — *Msomaji, Musoma*

JIBU: Hupandi kwa sababu unagawanya. Maili za daraja haziunganishwi kutoka mpango mmoja hadi mwingine, hata kama mashirika ni marafiki. Unachoweza kufanya ni kuchagua akaunti moja kwa kila umoja na kutoa namba hiyohiyo kila unapopanda ndege ya mwanachama yeyote. Kenya Airways imo katika SkyTeam tangu 2010, kwa hiyo safari zake zinaweza kuingia akaunti moja na zile za KLM. Ethiopian iliingia Star Alliance mwaka 2011, ambako ipo pia Turkish Airlines na EgyptAir. Qatar Airways imo oneworld tangu 2013. RwandAir na Emirates hazimo katika umoja wowote kati ya hiyo, ingawa zina mikataba na shirika hili na lile.

Ukiniuliza uchague upi, nitakujibu uchague ule wenye ndege unayolazimika kuipanda, si ule wenye launji nzuri. Kwa mtu wa Musoma anayepita Nairobi kila mara, huo ni SkyTeam, hata kama moyo wako uko Doha. Safari za miezi ya karibuni ambazo hukutoa namba unaweza kuziombea maili baadaye, mradi una pasi ya kupandia ndege na namba ya tiketi, na mradi muda wa kudai haujapita. Usitupe karatasi hizo ukishuka.

SWALI: Mimi husafiri Mwanza kwenda Dar tu, pengine mara mbili kwa mwezi. Je, kufukuzia daraja kuna maana kwangu? — *Daktari, Nyamagana, Mwanza*

JIBU: Daktari, kwa ndege isiyofika hata saa mbili angani, launji na kupanda mapema havina uzito mkubwa, na maili zenyewe, kwa masafa ya kilomita mia nane na kitu, huongezeka polepole sana. Kama shirika unalolipanda lina mpango wa wasafiri, jiandikishe maana hakuna gharama, na umpe wakala namba yako aiweke kwenye kila tiketi. Fedha uliyokusudia kufukuzia daraja iongeze kwenye nauli inayoruhusu kubadilisha tarehe, ambayo kwa mtu wa zamu za hospitali itakufaa mara nyingi zaidi kuliko kadi ya Gold.