Mashine ya maji ya kukatia marumaru: tazama reli na diski, mota baadaye

Mkuu, umeuliza ununue ile ndogo ya mezani au yenye reli, na umesema bafuni unaweka marumaru za sentimita 30 kwa 60, sebuleni poseleni (marumaru ngumu zaidi) ya 60 kwa 120. Kazi ya marumaru ndiyo inayonilisha, nikujibu kwa ninavyoona saiti.

Ile ndogo, diski ya 180 mm imechomoza katikati ya meza na chini kuna beseni la maji, kwa bafu inatosha kabisa. Ila kipande cha 120 kinaning'inia huku na huku. Mkono ukilegea kidogo mstari unaenda upogo na kona inamegeka. Hicho kinataka reli: kipande kimetulia, diski ndiyo inatembea. Dukani uliza urefu wa mkato, si urefu wa fremu.

Lakini kwa nyumba moja mimi nisingenunua ya reli. Mikato mirefu iliyonyooka piga kwa mashine ya mkono, ile ya kuchora na kuvunja, haitaki hata umeme. Ya reli kodisha siku ya kukata kingo kwa mshazari wa nyuzi 45, za kona za nguzo. Pesa iliyobaki weka kwenye diski, maana hapo ndipo watu wanapobana na kazi inaharibika. Diski ya poseleni ni nyembamba, ukingo wake mzima. Zenye mapengo ni za zege, zinatafuna uso wa marumaru kama panya. Ikianza kukataa kwenda usiitupe, huenda punje za almasi za ukingoni, ndizo zinazokata, zimezibwa tu. Ikatishe tofali la saruji mara mbili tatu, makali yatarudi.

Wakati wa kukata, uso uwe juu, maji yafike kwenye diski kwanza, na usisukume. Sentimita 3 za mwisho ndizo zinazovunjika: kabla ya kufika hapo vuta nyuma, geuza kipande, malizia kutokea upande wa pili. Maji yakishakuwa uji badilisha.

Umeme sasa. Waya ushuke chini ya soketi kisha upande juu kuifikia, matone yadondokee sakafuni, na saketi iwe na kinga inayokata umeme ukivuja.

Kuna watakaokwambia grenda kavu, ile mashine ndogo ya kushika mkononi isiyotumia maji, inamaliza yote. Vumbi la poseleni lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, na mapafu hayapendi. Grenda mimi naitumia kwa matundu ya bomba tu, nje, nimevaa barakoa ya vumbi.